Oili ya lori la ujamaa

Rahabu shosti, nimeumbuka!

Baba mdogo Eliufoo, yule dereva wa lori la kijiji enzi za ujamaa, kaniwekea oili kwenye gari langu la turbo. Nilimwonyesha kabisa kitabu cha gari kinachotaka oili nyepesi. Akasema, "Mlima wa Mhezi unataka oili nzito. Lori letu halikusoma kitabu."

Haya, bingwa!

Mimi nikajibu, "Asante, baba." ASANTE, Rahabu! Ningemkatalia mzee vipi?

Katikati ya mlima, naye kakaa kando yangu, turbo ikalia filimbi, moshi kama tanuri la matofali, gari likazima.

Fundi kapanda kutoka Same, kafungua, kauliza, "Nani kaweka uji huu?"

Baba mdogo akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Vijana wa siku hizi hawaulizi wazee."