Na Nguvu, na Tukuyu

Mama yangu, huko ulikolala,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, hapa Kyimo karibu na Tukuyu, mvua inapiga bati tangu jana. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike. Nilikuja na begi la siku tatu, na bado liko nyuma ya mlango. Wiki ileile Baba alianguka kwa kiharusi, kikao cha ukoo kikaamua kwamba kitindamimba ambaye hajaolewa ndiye abaki. Hakuna aliyeniuliza. Saluni yangu ya Mbeya sasa ina mtu mwingine.

Unakumbuka nilivyokuwa nasali nikiwa mdogo? Mwisho wa Sala ya Bwana, wenzangu wakitaja nguvu na utukufu, mimi nilipaza sauti, "na nguvu, na Tukuyu." Nilijua kabisa kuwa Mungu ndiye mwenye mji wetu, na soko lake, na ukungu wake. Siku kaka waliponicheka kanisani nililia njia nzima. Ukaniambia, "Acha wacheke. Kwani Tukuyu ya nani? Si ya Kyala, Mungu mwenyewe?" Hukunisahihisha. Nilikuja kujisahihisha mwenyewe shuleni, nikaona aibu.

Siku hizi, Mama, sala inanikwama hapohapo. Kila asubuhi kabla ya uji Baba ananyoosha mkono wake mzima, maana yake tusali. Naanza vizuri, nikifika kwenye utukufu naishia hapo, nachukua kijiko. Utukufu upi? Nafua shuka, namgeuza, namwaga beseni, narudia. Kaka wanapiga simu kutoka Dar, "Tunakuombea, mdogo wetu." Akina mama wa kanisa wanaomba mpaka uji unapoa, kisha wanaaga. Kila mtu ananiombea, hakuna anayenishikia beseni. Hata wewe nimekukasirikia. Ulisema anayeomba hafungiwi mlango. Huu wangu umefungwa kwa nje.

Jana nilimwambia Baba neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia nimemchoka.

Leo asubuhi akanyoosha mkono kama kawaida. Niliushika kwa aibu, nikaanza, nikafika kwenye nguvu, nikakwama. Basi yeye, ambaye tangu aanguke neno lake ni "eee" tu, akahangaika na mdomo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akalitoa: "Na... Tukuyu."

Sijui kama ulimi ulishindwa neno lenyewe, au alinikumbuka. Lile jicho lake zima lilikuwa linacheka. Nilicheka, Mama, kisha nikalia, na uji wote ukamwagikia shuka nililotoka kulifua.

Sitakudanganya, bado nataka kuondoka. Begi sijalifungua, na kesho nitamgeuza tena. Ila nimewaza kwamba siku ile ya kanisani hukuwa unanibembeleza tu. Mimi nilidhani utukufu ni kitu cha juu huko, chenye mwanga, nitakiona nikishatoka hapa. Wewe ulikuwa unausali kwenye matope, jembe likiwa begani. Ndaga fijo, Mama, asante sana kwa kutonisahihisha. Kama Tukuyu ni yake kweli, basi na chumba hiki ni chake, na beseni hili, na Yeye amefungiwa humu pamoja na mimi.

Leo nilifika mpaka amina.

Pumzika. Shuka linaningoja, na jua halionyeshi dalili ya kutoka.

Mtoto wako wa mwisho, aliyebaki