Panya wa Saa Saba

Jumatatu, 3 Machi

Fundo, ule mtindo wa kurusha mipira mitatu huku mikono ikipishana – mara tisa ndipo mpira ukadondoka. Tisa! Wiki iliyopita sikuvuka tano.

Nafanyia mazoezi hapa masjala, saa saba mchana, wenzangu wakishuka kwenda kula. Chumbani kwangu haiwezekani. Dari iko chini, mpira unaigonga, na mwenye nyumba anagonga ukuta. Hapa nina dari ya juu, kabati la majalada kulia, kabati kushoto, na ukuta mbele. Najibana katikati kama barua ndani ya bahasha. Mpira hauna pa kukimbilia.

Kaka ndiye aliyenifundisha kurusha mitatu ya kawaida, tukiwa wadogo. Fundo alinichorea kwenye barua alipohama. Mikono inapishana kifuani, wa kulia juu. Wa chini unarusha. Mikono inafunguka, inapishana tena, safari hii wa kushoto juu. Haitulii hata mara moja. Pembeni ameandika: usitazame mikono, tazama mpira unapofika kileleni.

Nimemwandikia barua tatu tangu hapo. Kimya.

Leo hakuna aliyenisemesha ila kwa kutaka jalada. Na Mama Ndoo, anayesafisha ofisi. Huyo hakosi. "Karani wangu, umekula?" Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Jumatano, 5 Machi

Kumi na moja. Kisha mpira mmoja ukapasuka mshono. Mipira yote niliishona mwenyewe kwa soksi kuukuu, ndani nikajaza mtama. Ukamwagika sakafu nzima! Nilitambaa kwa magoti nikiokota punje moja moja mpaka saa nane. Nadhani nimemaliza zote.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Asubuhi Mkuu wa ofisi alisimama katikati yetu na kutangaza kwamba juu ya kichwa chake kuna panya. Ofisi yake iko chini ya masjala – sikuwahi kulifikiria hilo! Tena si panya mdogo, alisema. Huyu akidondoka ni du! Kikombe kinatikisika.

Watu wakacheka. Mama Ndoo akaegemea ufagio wake: "Panya gani huyu, bosi, anaanza saa saba kamili na saa nane ananyamaza? Huyo ameajiriwa huyo!"

Wakazidi kucheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Ningesema palepale. Ilikuwa kufungua mdomo tu, jambo likiwa bado ni mzaha. Lakini nimebakiza majuma matatu ya kipindi cha majaribio. Karani anayerusha mipira kazini! Nilirudi kwenye majalada yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikurusha. Nilikaa na majalada nikala mkate. Saa moja ilikuwa ndefu kama mwezi wa mfungo.

Jumanne, 11 Machi

Jana nilirusha tena. Nilijiapiza kuwa ni kidogo tu. Nikadondosha mara sita.

Leo amekuja mtaalamu wa panya, bwana mwenye glavu na tochi. Akalala kifudifudi, akamulika chini ya kabati, akatoka na punje za mtama kiganjani. Kama ameokota dhahabu. "Hapa pana mtu anakula," akasema, kisha akanyunyiza sumu kila pembe.

Mkuu akauliza nani anakulia masjala. Macho yote yalimwendea Mama Ndoo, kwa sababu anajulikana hula kwenye ngazi, karibu na mlango wangu.

"Mimi? Mimi nakula ngazini, tena nakung'uta na kufagia!"

"Basi mtama umepanda ngazi wenyewe?" akauliza Mkuu.

Safari hii hawakucheka sana. Mimi nilikuwa nimeshika rula. Nimeona sasa hivi kwamba nimeivunja.

Jumatano, 12 Machi

Nimefikiri hivi: nisipodondosha, hakuna kishindo. Pasipo kishindo, hakuna panya. Pasipo panya, watasahau. Kumbe dawa si kusema. Dawa ni kujua.

Ningeacha tu kabisa. Najua. Nimeliandika ili nilione: ningeacha tu. Lakini siku yangu ina saa ishirini na tatu ambazo hazina mtu, na moja ambayo angalau ina kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Arobaini!! Arobaini na mbili, sikudondosha hata mmoja!

Ilikuja bila kuitwa. Niliacha kuitafuta mikono, nikatazama kilele tu, na mikono ikapishana yenyewe, juu, chini, juu, kama ya mtu mwingine anayenizunguka kwa kunikumbatia. Nikadaka wa mwisho nikageuka haraka, nicheke na mtu.

Majalada.

Jioni Mkuu alikuwa na furaha. Leo kimya kabisa, akasema. Dawa ya panya imefanya kazi, yule bwana anaijua kazi yake.

Jumatatu, 17 Machi

Barua zote zikishatiwa saini huja kwangu nizifungie jaladani. Leo imekuja nakala ya barua ya onyo. Mhusika: Mama Ndoo. "Uzembe uliosababisha uvamizi wa panya." Aya ya mwisho inasema atahamishiwa ghalani kuanzia mwezi ujao. Ghala liko ng'ambo ya mji. Ana mjukuu anayemchukua shule saa tisa.

Kazi yangu ni kuitoboa matundu mawili, kuipa namba na kuifunga. Nilishika kitobozi. Nimekirudisha mezani.

Iko chini ya karatasi yangu ya kukaushia wino.

Jumanne, 18 Machi

Alipita na deki, anakohoa. Amekuwa akifuta ile sumu kila asubuhi kwa mikono mitupu. Hakuniuliza kama nimekula.

Sikurusha. Barua bado iko pale.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda. Naandika haraka nisije nikajiona shujaa, kwa maana mlangoni niligeuka mara mbili.

Nilimwambia Mkuu: panya ni mimi.

Akanitazama kama ninavyotazama jalada lisilo na namba. Akauliza Mama Ndoo ni ndugu yangu? Hapana. Jirani? Hapana. Basi kwa nini unambebea msalaba wake, kijana? Nikatoa mipira mfukoni. Akaweka kalamu chini. "Haya. Rusha."

Ofisi yake ni pana. Hakuna kabati pembeni, hakuna ukuta mbele. Nikapishanisha mikono – wa kwanza ukaenda mbele, wa pili ukaufuata, wa tatu ukaingia kwenye kapu la taka. Nimejifunza ndani ya bahasha, siwezi nje yake! Nikajaribu tena. Vilevile.

Alicheka mpaka akafuta macho. "Mwongo mzuri hujifunza kwanza." Kisha akaacha kucheka, akafikiri. Kesho saa saba, akasema, panda juu urushe kama unavyorusha siku zote. Yeye atakaa chini na Mama Ndoo, wasikilize pamoja. Mama hatapanda, msije mkashirikiana. Kikiwa ni kishindo kilekile, barua yake itachanwa. "Halafu tutaandika yako."

Ijumaa, 21 Machi

Saa saba kasoro dakika kumi. Niko kati ya makabati, daftari nimeliweka juu ya rafu.

Asubuhi nilimngoja ngazini nikamweleza yote: mipira, mtama, barua. Hakuacha kupiga deki. Alifika ngazi ya chini kabisa ndipo akasema, bila kugeuka:

"Kila siku nakuuliza umekula, mwanangu. Kila siku unaniambia umekula."

Basi. Akabeba ndoo akaenda.

Nimejaribu kidogo. Mikono haidondoshi! Wiki nzima niliifundisha, na sasa imeshika. Nikiachia mpira kwa makusudi unaanguka vibaya, pu, kama kitu kilichowekwa. Si sauti ile. Du! inatoka kileleni, pale mtu anapojaribu kweli na kukosa. Nitakosaje kweli? Labda nikitazama mikono.

Mkuu amegonga dari kwa mpini wa ufagio. Mara mbili. Nianze.

Ngazini kuna miguu. Si viatu vya Mkuu – hivi vinaburuta, na kuna mshikio wa ndoo unaolia kila hatua. Alitakiwa awe chini.

Ndoo imewekwa sakafuni, nje ya mlango. Anakohoa. Hajagonga, wala haondoki.

Nimeshika mipira. Siujui uso aliokuja nao.

"Karani," anasema. "Fungua nione."