Kipande cha mbao mu shingo ya Nabintu

Ijumaa, jioni.

Ile shingo ya Nabintu haitoke mu kichwa yangu.

Leo niliwafundisha wanafunzi maneno ya Kingereza yenye "th": thin, path, bath. Rafiki ya Nabintu, mwenye anaikalaka naye ku banki moja, alishindwa, wengine wakacheka. Nabintu akamuelezea mu Mashi, luga yetu ya nyumbani, namna ya kuweka ulimi kati ya meno. Palepale yule rafiki akasema muzuri.

Lakini Mashi inakatazwa ku masomo. Nikamuvalisha Nabintu mu shingo kile kipande cha mbao, azabu ya mwenye anasema luga ya nyumbani ku masomo, aende nacho mpaka kwao.

"Pardon, citoyen," Nabintu akaniambia, "nilikuwa namusaidia tu."

Nilijua. Nilisikia wivu, sababu mimi nilishindwa kumusaidia.

Sasa nataka kumuomba Mungu musamaha, na maneno yote inanikujia mu Mashi.