Fomu ya Kula Peke Yangu

Jumanne, 2 Septemba

Simu ya ofisi ya serikali ya msaada wa chakula leo. Kila mwaka lazima wanihoji upya, eti huenda safari hii nimegeuka kijana tena tajiri. Nimengoja dakika hamsini, muziki uleule unazunguka. Ndoo nzima ya maharage mabichi nimeimaliza kuchambua, simu nimeibana kwa bega. Shingo inaniuma mpaka sasa.

Hatimaye binti mmoja, sauti ya kitoto, adabu nzuri. Naishi na nani? Peke yangu, mume wangu Verlin alifariki mwaka wa sita huu. Kuna mwingine anayetumia anwani yangu? Yupo shemeji yangu Burl, mdogo wake Verlin, ana kinyumba chake cha magurudumu hapo nyuma, sanduku la barua ni moja. Basi akauliza: kuna mtu ninayenunua na kupika chakula pamoja naye? Nikamwambia, ndiyo, binti yangu, kila siku ya Mungu. Burl analeta viazi, mimi napika, tunakaa tunakula.

Ningejibu nini? Huku bondeni mtu hakubali kwamba anakula peke yake. Ni sawa na kusema huna watu. Akanishukuru sana. Nikakata simu nimeridhika kabisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Barua. Wamenikata.

Eti mimi na Burl ni kaya moja. Pensheni yake ya ugonjwa wa mapafu alioupata mgodini imehesabiwa kama yangu, na kadi yangu ya chakula inakoma mwisho wa mwezi. Pensheni yenyewe haikai naye hata wiki — inakwenda Ohio kwa wajukuu zake, maana mama yao hawezi kuwalea. Nimeisoma barua mara tatu nimesimama barabarani kama mwehu.

Viazi na maharage vinaota. Mayai, nyama na maziwa havioti bustanini kwangu. Na sukari yangu hii, daktari alishasema: nikishindia viazi na mkate wa mahindi, nitalazwa kabla ya Krismasi. Mdomo wangu huu! Miaka thelathini shule ya Jumapili nawafundisha watoto kusema kweli. Haya, nimesema kweli.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikuwa nimeificha barua chini ya kopo la unga. Burl kaja kula, katafuta chumvi, kaikuta. Akavaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo serikali imetuoza, shemeji," akasema. "Na hukuniambia hata nivae suti."

Nikamwambia mkoromo wa ukoo wao nimelala nao miaka arobaini na moja, unanitosha. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimpige mgongoni. Hakuomba kuongezewa. Burl, tangu nimemjua, hajawahi kutoomba kuongezewa.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepiga tena. Leo ni mwanamume, na hajui lolote alilosikia yule binti, kwa hiyo nimeanza upya toka kifo cha Verlin.

Akasema mbona rahisi, mama, ipo fomu. Mimi nasaini kwamba nanunua, napika na kula peke yangu, shemeji naye anasaini vilevile, mkaguzi anakuja kutazama majiko, kadi inaendelea. Nikamwambia lakini tunakula pamoja. Akasema, "Mama, ipo fomu." Nikarudia kwamba tunakula pamoja. Akasema ataituma kwa posta.

Hivi watu hawa wanalipwa ili wasisikie?

Jumatano, 17 Septemba

Dreama wa kanisani kapita na tufaha. Nimemweleza yote. Saini, akasema, nusu ya bonde hili imesaini mabaya kuliko hayo. "Mungu ana kazi nyingi, Oleta. Hana muda wa kuchungulia sufuria yako." Nikamwambia yeye asaini vyake, mimi jina langu siliweki chini ya uongo. Akasema basi kufa na jina lako. Tumeachana vibaya.

Saa kumi na moja jioni, chakula kiko mezani, Burl haji. Nikangoja. Nikaenda kumgongea. Kafungua mlango kidogo tu, mkononi ana kopo la soseji na uma.

"Nimekula," akasema.

"Umekula nini?"

"Hiki. Na kesho hivyohivyo. Fomu sasa ni ya kweli, shemeji. Ikija, isaini."

Nimemtukana. Nimemwita mpumbavu, mkaidi, mwana wa mama yake. Akasubiri nimalize, akafunga mlango polepole.

Jumapili, 21 Septemba

Siku ya tano. Mtu huyu hajawahi kupika maishani mwake. Alitoka kwa mama yake akaenda kwa mkewe Wanda, Wanda alipofariki akaja mezani kwangu. Jana moshi mweusi dirishani mwake. Leo kanisani ana kitambaa kidoleni. Nikamuuliza, akasema kajikata na uzio. Harufu ya mafuta yaliyoungua inamtoka hadi kwenye kola.

Ijumaa niliwapigia ofisini. Swali dogo tu: nikivusha sahani moja uani, nikaiacha ngazini kwake, nasi hatukukaa pamoja, inahesabika? Binti mwingine, sauti nyingine. Akaniweka ningoje nusu saa nzima. Akarudi: "Sahani ngapi kwa wiki, mama?"

Nikakata simu.

Fomu imefika, iko mezani. Burl kaja na kalamu yake mwenyewe, kasaini upande wake wima, hakukaa hata kidogo, katoka. Upande wangu mweupe. Siku tano hizi alizokula kwake ni za kweli, hakuna atakayenishika. Ila nikiishika kalamu naona kama namfukuza mtu kwangu. Nakula nimesimama kwenye sinki siku hizi, dakika tano nimemaliza. Hakuna wa kuniambia maharage yamezidi chumvi. Namkosa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 25 Septemba

Mkaguzi anakuja kesho saa tano. Nimesafisha jiko ambalo halikuwa chafu.

Burl kapaza sauti kutoka uani: "Kumbuka, shemeji, hunijui!" Kidole sasa kimevimba. Nikamwambia aende zahanati. Akasema hanijui.

Ijumaa, 26 Septemba

Naandika upesi, yuko kwa Burl sasa hivi.

Ni mama wa makamo, Bi. Ratliff, wa bonde la pili tu hapo, mama yake nilimjua. Nilitegemea jitu lenye miwani. Kafungua friji, kahesabu vyungu, kauliza majiko mangapi. Mara ya mwisho kula pamoja na shemeji? Nikamwambia Jumanne tarehe kumi na sita, maharage na mkate wa mahindi, na kitunguu kibichi, Burl anakipenda. Kaandika tarehe tu. Kasema safi, mama, kila kitu kiko sawa, bado sahihi yako. Anamwuliza shemeji maswali mawili, kisha anarudi kuichukua fomu.

Anatoka mlangoni ni saa sita kasoro, sufuria iko motoni. Mtu hatoki kwangu saa hizo bila kuambiwa kaa ule. Nikamwambia. Akasema haruhusiwi, lakini akasimama kidogo akinusa. Akasema mama yake alikuwa anaweka mfupa wa nguruwe vilevile. Akaenda.

Sasa namwona dirishani. Burl kakaa kwenye ngazi, yeye kasimama. Kamshika mkono, anakifungua kile kitambaa. Anakitazama kidole. Anasema kitu kirefu. Burl anatikisa kichwa, anatikisa tena, na sasa anakohoa, kajikunja, na yule mama kaweka karatasi zake chini kwenye nyasi ampige mgongoni.

Anampiga juu mno. Siyo hapo.

Fomu iko mbele yangu. "Ninathibitisha kwamba ninanunua, ninapika na ninakula peke yangu." Kalamu ya Burl iko juu yake. Nimepakua sahani mbili bila kufikiri, ya pili ina kitunguu.

Kamwinua. Wanakuja huku wote wawili, taratibu, kamshika kiwiko. Sijasaini. Wanapanda ngazi. Naenda kuchukua sahani ya tatu.