Mshale wa Joto na Mwanangu Ramadhani

Jumatatu. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mtaa wetu wote wa Namuwongo ni tope. Nina hasira na sijui nimtupie nani, kwa hiyo naandika hapa.

Gari la marehemu mume wangu lilikuwa na wazimu miezi mitatu. Kila Jumamosi mshale wa joto pale mbele ya dereva unaanguka chini kabisa, kama injini ndiyo kwanza imeamka, na boneti lenyewe huwezi kuligusa kwa moto. Moshi mweusi. Ukilizima halikubali kuwaka tena. Petroli nayo inakwisha upesi kama maji ya kunywa. Jumatatu nikilipeleka gereji, zima kabisa, halina ugonjwa! Mafundi wawili walinitazama kama bibi aliyerukwa na akili.

Mwanangu Ramadhani ndiye aliyekuwa akiliendesha Jumamosi, ananipeleka Luzira kwa dada yangu. Mimi na akili zangu nikasema: petroli inapotea siku yake, basi anainyonya yeye.

Nikamwita mwizi. Mbele ya mkewe, na mama mkwe wake amekaa pale pale na kikombe cha chai mkononi.

Akaweka funguo mezani, akaondoka. Hajakanyaga hapa tena.

Leo nimempata fundi mwingine, Otieno, Mkenya. Huyu hakugusa kitu kwanza. Aliuliza tu, akiniita bibi kwa lugha ya kwao, "Shosho, gari mnaosha lini?"

"Ijumaa kabla ya swala. Mpaka injini. Sisi Wanubi hatuendi msikitini na uchafu."

"Injini mnaipiga mpira wa maji?"

"Ulitaka niioshe kwa mate?"

Akacheka, mjinga yule. Akawasha gari, akautikisa waya wa sensa ya joto, kile kidude kinachopima joto la injini, na mshale ukaanguka mbele ya macho yangu. Akauchomoa ule waya. Kwenye ncha yake kutu ya kijani, na chokaa ya maji. Akanieleza: maji ya Ijumaa yanapenya pale polepole, ikifika Jumamosi kompyuta ya gari inadanganywa kwamba injini ni baridi, inaimwagia petroli nyingi. Jumatatu pamekauka, ugonjwa umejificha.

Kwa hiyo mwizi wa petroli ni mimi na mpira wangu.

Kuosha injini hakuna aliyenituma. Ramadhani aliwahi kuniambia, "Mama, injini si sufuria." Nikamwambia anyamaze, ni uvivu wake tu.

Jioni nimempigia simu. Nikasema, "Gari limepona. Ilikuwa waya."

Akasema, "Alhamdulillahi, mama."

Akangoja. Nilimsikia anavyongoja, na mkewe nyuma anabembeleza mtoto. Nikamuuliza kama Bukoto kwao kumenyesha. Akasema kumenyesha. Akakata.

Watoto sita nimewalea. Kila mmoja aliyekosa nilimsimamisha ukutani mpaka amwambie mwenzake, "Nisamehe."

Mimi atanisimamisha nani?