Kanga ya Nusu Fainali

Jeppestown, Johannesburg
Alhamisi jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za Morogoro, na goti lako je? Juzi simu ilikatika kabla hujanijibu kama dawa ya kuchua imesaidia, na swali hilo nimekaa nalo tangu siku hiyo. Sisi huku wazima. Baridi imeingia, tunavaa masweta mawili mawili, na kazi ya kushona pale Fordsburg inakwenda. Mkweo Themba anakusalimu. Bado anasema hakuna wali wa Johannesburg unaofikia ule aliokulia huko kwetu, wazazi wake walipokuwa uhamishoni.

Sasa Mama, kaa vizuri. Jumamosi hii mjukuu wako Thandi anacheza nusu fainali. Si mpira wa miguu, ni ule wa magongo niliokueleza, wasichana kumi na mmoja kila upande wanakimbiza kimpira kigumu kama jiwe. Yeye ni beki. Wakishinda wanaingia fainali, jambo ambalo shule yao haijawahi kuliona. Wapinzani wanatoka shule ya matajiri kaskazini mwa jiji, wasichana warefu, nasikia walishika magongo kabla ya kushika kalamu. Mimi siwaogopi. Thandi anapiga mpira ukutani kwetu kila jioni mpaka plasta imebanduka, na baba yake, ambaye zamani angegomba, anakaa kwenye ngazi anamhesabia.

Ila mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama nitaenda. Nikwambie aibu yangu, na usicheke.

Mechi ya kwanza ya msimu nilienda na ile doti ya kanga uliyonipa siku naondoka. Thandi akaupata mpira katikati ya uwanja, akaupiga, ukapita watu wote ukaingia golini moja kwa moja. Mama, mimi ni mtoto wako. Nilipiga vigelegele, nikaruka kizuizi, nikaingia uwanjani nikamtandikia mwanangu kanga apite juu yake, kama ulivyonitandikia mimi siku ya harusi. Kumbe katika mchezo huu bao halihesabiwi ukipiga kutoka mbali, lazima mpira uguswe ndani ya duara lililo mbele ya goli. Hapakuwa na bao. Tena uwanja wenyewe ni zulia la plastiki linalomwagiwa maji kabla ya mchezo, kwa hiyo kanga ililowa chepechepe. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akaiokota, akaikamua maji, akanirudishia kwa adabu.

"Eish, Mama." Ndiyo maneno pekee Thandi aliyonipa siku ile. Tangu hapo hakunitajia tena siku ya mechi, nami nikajifanya nina nguo za wateja za kumaliza. Matokeo ya robo fainali niliyasikia nikiwa kwenye cherehani. Nililia kidogo, sikufichi.

Nikamweleza Mama Furaha, Mkongo ninayeshona naye. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

"Weye! Ile ilikuwa mupira, haikuwa ndoa." Kisha akaniangalia. "Lakini mutoto alikukataza kuja?"

Nikafikiri. Hakunikataza. Aibu ilikuwa yangu, nikamsingizia mtoto.

"Basi uende," akasema. "Ukae tu chini."

Leo nimetoka kazini nimekwenda moja kwa moja kabatini kuiandaa ile kanga. Nimekuta kipande kimoja. Nimepekua chumba kizima. Thandi alikuwa mezani anafunga utepe mpya kwenye mpini wa gongo lake, nikamwuliza. Akanionyesha begi lake kwa kidevu. Kipande cha pili kimo humo, kimekunjwa vizuri juu ya vikinga miguu vyake.

Unamjua mjukuu wako, Kiswahili anakielewa chote lakini hunijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Leo amenijibu kwa Kiswahili, polepole.

"Utandike mwisho, Mama. Filimbi kwanza. Wasichana wote wanataka kupita."

"Na mkifungwa?"

Akainua mabega. "Tutapita tu."

Nikaingia jikoni nikajifanya nakata vitunguu. Furaha niliyo nayo, Mama, sijui niiweke wapi. Jumamosi nitajifunga kipande kilichobaki, Mama Furaha atakaa kando yangu anishike mkono, na sitanyanyuka mpaka nisikie filimbi ya mwisho. Barua hii itakapokufikia utakuwa umeshayajua matokeo kwa simu, lakini leo mimi naomba hilo moja, nitulie.

Wasalimie kaka yangu fundi baiskeli na jirani yako muuza mkaa anayekusaidia kuchota maji. Shangazi aliyenifundisha vigelegele mwambie vimefika ugenini salama, vinasubiri kazi. Na ukipata mtu wa kuja huku, mpe doti mpya aniletee. Kile kipande kilichomo kwenye begi sidhani kama nitarudishiwa.

Binti yako anayekukumbuka kila siku,
Mwanaidi