Jina la Mjomba Halidi

Madimba, Alhamisi, masika ya 1953

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekatika, ikaacha joto la kunata. Mihogo iliyokuwa ikianikwa imeingizwa ndani, na nyumba nzima inanuka makopa yaliyolowa.

Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, itasomwa hitima ya arobaini ya mjomba Halidi, kaka pekee wa mama yangu. Hitima ikiisha nitaketishwa juu ya mkeka wake, nitavikwa kanzu yake, nitapakwa unga kipajini, na mbele ya ukoo nitakabidhiwa jina lake. Kuanzia hapo Faraji hatakuwapo. Nitakuwa Halidi, na yote yaliyokuwa juu ya Halidi yatakuwa juu yangu: mjane wake, wanawe, mikorosho yake, ugomvi wa ukoo mzima.

Meli ya kwenda Dar es Salaam, ambako nimepewa nafasi ya kufundisha, itaondoka Mtwara Jumatatu.

Jina ni la Kiarabu, lakini mila hii haikuja na Waarabu. Tuliirithi kwa bibi zetu wa Kimakua, kisha tukaivika kanzu. Babu wa mama yangu, kaka wa bibi yake, ndiye aliyelileta jina nyumbani, aliposilimu Mikindani. Tangu siku hiyo halijaachwa likae bila mtu.

Chuoni nilijivunia Kiarabu changu. Niliwahi kusimama mbele ya wenzangu nikaeleza kwamba Faraji ni kufunguliwa baada ya dhiki, na Halidi ni mwenye kudumu, asiyeondoka. Nikaongeza kwamba neno hilo limetumika katika Kurani kwa watu wa Peponi, watakaokaa humo milele. Nilipigiwa makofi.

Leo nimekumbuka kwamba limetumika pia kwa watu wa Motoni.

Asubuhi nilimkuta mama akipepeta mchele wa hitima pamoja na mdogo wake, mama mdogo Somoe. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa uangalifu: ningewaambia kwamba sitaweza.

"Mwanachuo, niletee maji," alisema mama mdogo. "Kesho utakuwa kaka yangu, sitathubutu kukutuma. Acha leo nikutume mpaka nichoke."

Walicheka. Nilileta maji, na badala ya maneno niliyoyapanga nikajikuta nauliza mjomba aliitwa nani kabla ya kupewa jina, kwani naye alilipokea kwa mjomba wake.

"Aliitwa Halidi," alisema mama.

"Kabla ya hapo, mama. Mlipokuwa mkicheza pamoja."

Alisimamisha ungo. Akamgeukia mdogo wake. "Somoe, kaka aliitwa nani?"

"Mimi nimezaliwa ameshakuwa Halidi. Usiniulize mambo ya kale yenu."

Mama alianza tena kupepeta, taratibu. "Limenitoka," alisema. "Alikuwa akitaka kwenda Unguja kujifunza useremala. Hilo nalikumbuka."

Sikusema tena nililokusudia.

Mimi ndiye mpwa wake pekee wa kiume. Nikikataa, mjane na wanawe hawatakuwa na mtu wa kuwasemea, na mama atakaa kesho mbele ya mkeka mtupu huku watu wakimtazama. Hakuna aliyenifungia mlango. Wangenifungia, ningejua namna ya kuuvunja.

Sanduku langu bado limefungwa kamba, tayari kwa safari. Mchana wote nimelizunguka kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Sasa hivi mama amebisha. Kwa kawaida huniita Faraji kwa sauti inayofika kisimani. Safari hii amesimama nje ya mlango, ameinamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya kwa marehemu.

"Kaka," amesema. "Chakula tayari."

Siku moja kabla ya wakati.

Nimeitika.

Kabla sijaenda kula naandika hapa, ili siku mpwa wangu atakapouliza asikose jibu: niliitwa Faraji.